Kabla ya Kufomati Kompyuta Yenye Windows na Linux

Kompyuta mpakato yenye Windows na Linux ikigoma kuwaka, shauri la kwanza mwenye nayo analopewa ni lile lile: fomati, piga Windows upya. Mara nyingi ni shauri la hasara. Kufomati hufuta kilichomo ndani ya patisheni (kipande cha diski) uliyoichagua, basi, na matatizo mengi ya mifumo miwili hayakai humo. Yanakaa kwenye patisheni ndogo iitwayo EFI, kwa kawaida kati ya MB 100 na MB 500, ambamo kila mfumo huweka folda yake ya kuwashia: Windows ndani ya `EFI\Microsoft`, Ubuntu ndani ya `EFI\ubuntu`. Mengine yako kwenye kumbukumbu ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta), inayotunza orodha ya mfumo upi uanze. Ukifomati diski C mara kumi, sehemu zote mbili zinabaki kama zilivyokuwa.

Ndiyo maana mtu anayefuta patisheni ya Linux akiwa ndani ya Windows, akidhani amemaliza kazi, hukutana na skrini nyeusi iliyoandikwa `grub>`, au `grub rescue>` kwenye mashine za zamani. Madabodi bado inaita kwanza GRUB, programu ya Linux inayoonyesha menyu ya mifumo, na GRUB haioni tena faili ya menyu yake. Windows haijaguswa. Kwenye mashine ya UEFI (njia mpya ya kuwashia kompyuta), washa huku ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia (F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, Esc kwa ASUS nyingi), chagua Windows Boot Manager, kisha ingia kwenye mipangilio ya madabodi uipandishe juu ya orodha. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna faili hata moja inayopotea.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuusoma ujumbe ulio kwenye skrini na kuupiga picha kwa simu. Kama Windows imetoweka kwenye menyu ya GRUB lakini bado ipo kwenye diski, chanzo mara nyingi ni kwamba tangu GRUB 2.06 utafutaji wa mifumo mingine huja ukiwa umezimwa. Fungua `/etc/default/grub`, andika `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha endesha `sudo update-grub`. Kama Linux inafungua diski D lakini inakataa kuandika ndani yake, chanzo cha kawaida ni Fast Startup: Windows ilipozimwa haikuzimika kabisa, ililala, na diski ikabaki imeshikiliwa. Ingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha `powercfg /h off`, zima kabisa. Na kama saa inaruka kila ukihama mfumo, diski haina kosa lolote. Windows huisoma saa ya madabodi kama saa ya mahali ulipo, Linux huisoma kama UTC (saa ya Greenwich). Kwa hiyo Nairobi au Dar es Salaam Windows itarudi nyuma saa 3 kamili, Lubumbashi saa 2. Amri `timedatectl set-local-rtc 1` kwenye Linux huzipatanisha.

Lipo kosa moja linaloonyesha vizuri mipaka ya kufomati. Agosti 2024 sasisho la Windows liliifungia nje Linux kwenye mashine nyingi zenye mifumo miwili, zikaandika `Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation`. Futa diski nzima, simika Linux kwa ISO (faili ya kusimikia) ile ile ya zamani, na ujumbe huo utarudi, kwa sababu zuio limeandikwa kwenye kumbukumbu ya madabodi. Dawa yake ni kuzima Secure Boot (ulinzi wa madabodi unaokataa kuwasha programu isiyoaminika), kuingia Linux, kuendesha `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, kuwasha upya na kuingia tena Linux, kuisasisha yote, ndipo Secure Boot irudishwe.

Kufomati kunafaa lini, basi? Pale mfumo wenyewe umeharibika au umeingiwa na virusi. Pia pale mfumo mmoja ulisimikwa kwa Legacy (njia ya zamani ya kuwashia) na mwingine kwa UEFI, kwani menyu moja haiwezi kuwasha mifumo ya namna hizo mbili. Angalia kwenye programu ya Windows iitwayo `msinfo32`, mstari wa BIOS Mode. Windows inayo `mbr2gpt` ya kubadilisha mpangilio wa diski kutoka MBR (wa zamani) kwenda GPT (wa UEFI) bila kufuta kitu, ila inakataa diski yenye patisheni ya aina ya Extended (inayobeba patisheni nyingine ndani yake), na Linux nyingi za zamani zilisimikwa humo humo. Hapo kufuta diski nzima na kuanza na GPT ndiyo njia iliyonyooka.

Ukishaamua, ipime diski kwanza. CrystalDiskInfo kwenye Windows, au `sudo smartctl -a /dev/sda` kwenye Linux. Kwa diski ya kuzunguka tazama hesabu za vipande vibovu: Reallocated Sectors (05), Current Pending (C5) na Uncorrectable (C6). Zikiwa zinaongezeka, diski inakufa, na fedha ya fundi ni afadhali inunue SSD. Quick Format haikagui uso wa diski hata kidogo, hivyo diski mbovu huonekana imepona kwa siku kadhaa kisha inaangusha tena.

Nakala ya faili iwe nje ya mashine. Kuhamishia picha diski D si nakala, kwa kuwa D ni kipande cha diski ile ile, na kwenye skrini ya kusimika Windows majina C na D hayaonekani: unaona Partition 1, 2, 3. Hapo ndipo wengi hufuta isiyo yenyewe. Ukiwa bado ndani ya Linux endesha `lsblk -f`, piga picha majina na ukubwa wa kila patisheni. Baada ya kunakili, chomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili kadhaa, hasa kubwa.

Halafu BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Mashine nyingi za Windows 11 zimesimbwa bila mwenyewe kujua. `manage-bde -status` itakuambia. Ikiwa imewashwa, tafuta ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti ya Microsoft, na uuandike kwenye karatasi. Kugusa Secure Boot tu kunatosha kuufanya uulizwe, na bila huo faili hazirudi.

Flashi ya kusimikia iandaliwe mapema, GB 8 au zaidi, kwenye kompyuta isiyo na tatizo. ISO ya Windows 11 inazidi GB 5, kwa hiyo hesabu bando lako. Pakua pia draiva ya Wi-Fi ya modeli yako. Vinginevyo simu kwa waya wa USB hutoa intaneti kwenye mashine nyingi. Usibadilishe ghafla namna madabodi inavyosoma diski, kutoka RAID kuwa AHCI, ili Linux iione diski: Windows iliyopo itaanguka kwa `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE` isipokuwa uipitishe kwanza kwenye Safe Mode.

Ukitaka kubakiza Linux, ifomati patisheni ya Windows peke yake na uiache EFI, maana imebeba folda za wote wawili. Ukifuta vyote, anza na Windows: kwenye diski ya GB 256 ipe GB 130 hivi, zilizobaki ziache bila kugawa, na Linux ije ya pili ichukue GB 50 au 60 humo. Windows ikishasimama, zima Fast Startup kabla hujachomeka flashi ya Linux. Na baada ya sasisho kubwa Windows ikijirudisha kileleni, ingia Linux kwa menyu ya kuwashia, endesha `efibootmgr` uone namba, kisha `sudo efibootmgr -o` ukifuatisha namba ya Linux, koma, na ya Windows.