Kumwandaa mwanafunzi wa grafiki: anzia mashineni

Duka la uchapaji la Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, halimpimi kijana mpya kwa uzuri wa kazi zake kwenye skrini. Linampa kadi au bango, kisha linatazama kama faili lake litaingia mashineni bila mtu mwingine kulirekebisha. Kwa hiyo, mwalimu, kila muhula toa walau kazi moja inayochapwa kweli, na maksi zitokane na kilichotoka kwenye karatasi.

Anza na kadi ya biashara, tuseme ya muuza kahawa wa Mbozi, mm 90 kwa 55. Ukurasa wa faili uwe mm 96 kwa 61, kwa sababu rangi ya nyuma lazima ipite mstari wa kukatia kwa mm 3 kila upande. Bunda la kadi likisogea nusu milimita tu chini ya kisu, asiyeacha ziada anapata mstari mweupe pembeni. Maandishi nayo yakae ndani, mm 4 au 5 kutoka mstari huo.

Rangi ndiyo inayowaumbua wengi. Skrini inatumia RGB, yaani mwanga mwekundu, kijani na bluu; mashine inachapa kwa wino wa rangi nne, CMYK: sayani (bluu-kijani), majenta (waridi kali), njano na nyeusi. Bluu kali hutoka zambarau. Dawa yake ni kupunguza majenta, iwe chini ya sayani kwa pointi 30 za asilimia au zaidi. Kijani cha kung'aa kitafifia tu, hapo hakuna ujanja, mteja aambiwe mapema. Herufi ndogo nyeusi ziwe za wino mweusi peke yake, asilimia 100. Ukichanganya wino zote nne, pleti, bamba linalobeba kila rangi mashineni, ikihama kidogo herufi zinaota kivuli.

Picha za mteja huja kwa WhatsApp zikiwa zimebanwa. Aombwe azitume kama dokumenti. Hata hivyo fundisha hesabu, siyo kukisia: pikseli gawanya kwa 300 (nukta za kila inchi, yaani dpi), zidisha kwa 2.54, unapata sentimita. Picha yenye upana wa pikseli 1,600 inatosha sm 13.5. Ukiivuta ijae jalada la A4, lenye sm 21, itakuwa na ukungu. Bango hutazamwa kwa mbali, hivyo dpi 100 inatosha, ila pindo la sm 5 liachwe wazi ringi za kupitishia kamba zisije zikatoboa namba ya simu.

Kabla ya kutoa PDF, herufi zigeuzwe maumbo. Kompyuta ya dukani isipokuwa na fonti hiyo, itaweka yake. Nakala isiyogeuzwa ibaki, maana mteja atarudi na mabadiliko.

Na mteja mwenyewe? Hapa mwalimu ajifanye msumbufu: “Nitengenezee logo nzuri, utajua mwenyewe.” Mwanafunzi anayekimbilia kompyuta amekosa. Aulize kwanza: itachapwa kwenye nini, ukubwa gani, nakala ngapi, lini, na nani mwenye kauli ya mwisho. Kianzio na idadi ya marekebisho ya bure viandikwe siku hiyohiyo. Tunapendekeza nusu ya bei na marekebisho mawili.

Mwisho sampuli isainiwe na mteja kabla ya kuchapa zote. Namba ya simu ipigwe kutoka kwenye sampuli yenyewe, siyo kutoka kwenye meseji ya mteja. Ikipokelewa na mtu wa Tunduma asiyejua habari za kahawa, kadi 500 zimenusurika.