Namna ya Kuchagua Wauza Vitambaa na Vifaa vya Kupimia kwa Biashara ya Nguo za Oda

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia fundi mwenzangu kuandaa biashara ya nguo za oda. Alikuwa amekwisha kupanga vizuri suala la cherehani, ovaloki na pasi, lakini kitambaa angekipata kwa nani na futi yake, yaani utepe wa kupimia, ilikuwa sahihi kiasi gani ni maswali ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ninaanza na vifaa vya kupimia kwa makusudi, kwa sababu asiye na kipimo cha kuaminika hawezi kumkagua muuzaji yeyote.

Hatua ya 1: Amua kipimo kimoja

Tumia sentimita peke yake, kuanzia kumpima mteja hadi kukata. Inchi 1 ni sentimita 2.54, na fundi anayekadiria kwa 2.5 ataandika kifua cha inchi 40 kuwa sentimita 100 badala ya 101.6. Nafasi hiyo iliyopotea inatosha kuifanya shati ibane vifungoni.

Hatua ya 2: Nunua futi, kisha ihakiki

Kwa kupima mwili, nunua futi laini iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, kwa kuwa haivutiki upesi kama ile ya plastiki tupu au ya kitambaa. Nunua pia rula ya chuma ya mita 1, ambayo kazi yake ya kwanza si kuchora mistari bali kuwa shahidi wa futi zote za karakana.

Tandaza futi juu ya meza iliyonyooka kando ya rula hiyo, kisha linganisha alama ya 50 na ya 100. Ivute kidogo, kwa nguvu unayotumia unapomzungushia mteja kiunoni, na utazame tena. Ikiwa alama ya 100 imehama kwa zaidi ya milimita 2, usiitumie kwa kazi ya oda, hata kama ni mpya. Kagua pia ncha ya bati: sifuri inapaswa kuanzia ukingoni kabisa mwa bati hilo, na zipo futi ambazo bati lake limefungwa likapita mahali pa sifuri au likapungukia. Karakana yenye watu wawili ilinganishe futi zake zote kwa rula moja, kwa sababu mmoja akipima na mwingine akikata kwa futi zisizolingana, hakuna atakayejua kosa limeingilia wapi. Mimi huandika nyuma ya kila futi tarehe iliyoanza kutumika, na huirudisha kwenye rula mara kwa mara.

Futi ya chuma ya wajenzi haifai kwa mwili. Kulabu iliyo kwenye ncha yake imetengenezwa icheze kwa makusudi, ili ifidie unene wake yenyewe inaposukumwa au kuvutwa, na jambo hilo ni jema ukutani, si begani mwa mtu. Programu za simu zinazokadiria vipimo kutokana na picha zinaweza kumsaidia mteja wa mbali kukupa makisio, lakini sishauri mtu akate kitambaa kwa kuzitegemea.

Hatua ya 3: Tengeneza karatasi ya vipimo

Weka safu mbili tofauti: vipimo vya mwili, na vipimo vya nguo itakapokuwa imekamilika. Mfunge mteja utepe wa lastiki kiunoni kabla ya kuanza, ili kila kipimo cha juu na cha chini kianzie mahali pamoja. Anayetaka maelezo rasmi ya mahali ambapo kila kipimo cha mwili huchukuliwa atayapata katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8559-1 cha mwaka 2017.

Hatua ya 4: Chuja wauzaji kwa maswali

Kabla ya kuutazama uzuri wa kitambaa, muulize muuzaji aina ya nyuzi na asilimia zake, upana, uzito kwa mita ya mraba, kiasi cha chini anachouza, na kama atakileta tena kitambaa hicho hicho. Swali la upana hupuuzwa sana, ilhali kitambaa cha sentimita 115 na cha sentimita 150 havikatwi kwa mpango mmoja, na bei ya mita moja haina maana bila kujua upana wake.

Kwa maoni yangu, muuzaji mwenye aina chache anazoziagiza tena na tena ni bora kuliko mwenye duka lililojaa mabaki mazuri yasiyorudi. Mteja wa oda akiridhika hurudi kutaka suruali ya pili ya kitambaa kile kile. Muuzaji akidai kwamba kitambaa kina cheti cha OEKO-TEX Standard 100, yaani cha kupimwa kemikali zenye madhara, mwombe namba ya cheti uihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya shirika hilo.

Hatua ya 5: Fua sampuli kabla ya kukubaliana lolote

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko penginepo, na ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka.

Usikubali kipande cha ukubwa wa kiganja. Nunua mita nzima ya upana kamili, kisha ilaze mezani usiku mzima bila kuivuta, kwa kuwa kitambaa kilichotoka kwenye jora kilikuwa kimekazwa na huendelea kulegea. Kesho yake chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, mbali na kingo za kitambaa kwa sentimita 10 au zaidi. Usitegemee chaki, maana itatoka kwenye maji. Shona alama za pembe kwa uzi mweupe wa poliesta, na ushone mshale unaoonyesha upande wa mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa. Pitisha kingo zilizokatwa kwenye ovaloki zisifumuke.

Sasa fua kama mteja atakavyofua, si kama unavyotamani afue. Ikiwa atatumia mashine na maji ya moto, tumia hayo hayo, na uanike au ukaushe kama yeye. Pima mraba ukiwa mkavu kabla ya kupiga pasi, kwa sababu pasi ikisukumwa kwa nguvu hukivuta kitambaa na kuficha kiasi kilichorudi, yaani kilichosinyaa. Kisha piga pasi ya mvuke kwa kuibonyeza na kuiinua, na upime tena. Rudia ufuaji hadi mara tatu, kwa kuwa vipo vitambaa vinavyorudi kidogo mara ya kwanza na kuendelea baadaye. Rayoni na pamba isiyotiwa dawa ya kuzuia kurudi zinahitaji uangalifu zaidi.

Hesabu yake ni kutoa urefu mpya kutoka ule wa awali, kugawanya kwa ule wa awali, na kuzidisha kwa 100. Upande wa mtande ukitoka 50 ukawa 48.5, kitambaa kimerudi kwa asilimia 3. Mshindio, yaani nyuzi zinazokwenda kwa upana, ukawa 49.5, ni asilimia 1. Pande hizi mbili zisichanganywe hata siku moja, kwa sababu urefu wa suruali hukatwa kwa kufuata mtande, na suruali ya sentimita 104 itapoteza zaidi ya sentimita 3, ilhali kiuno kitaguswa kidogo tu.

Ukitaka kufidia wakati wa kukata, gawanya, usizidishe. Kwa asilimia 3, 104 igawanywe kwa 0.97, nayo itakuwa 107.2. Kuzidisha kwa 1.03 hutoa jibu la karibu sana, na ndiyo maana wengi hawaoni tatizo. Lakini kwa kitambaa kinachorudi kwa asilimia 8, kugawanya hutoa 113.0 na kuzidisha hutoa 112.3, na tofauti hiyo huonekana juu ya kiatu. Hata hivyo, mimi napendelea kukifua kitambaa chote kabla ya kukikata, kila kinapokuwa cha kufulika, na kuagiza urefu wa ziada kwa hesabu hiyo hiyo.

Pima pia mishazari yote miwili ya mraba, kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Kabla ya kufuliwa, kila mmoja ni takriban sentimita 70.7. Ikiwa baada ya kufuliwa mmoja umerefuka na mwingine umefupika, kitambaa kimepinda, na mshono wa pembeni wa suruali utazunguka kuja mbele ya mguu. Kasoro hii haifidiwi kwa hesabu yoyote. Mwache muuzaji huyo na kitambaa chake.

Bitana na kitambaa kigumu cha ndani ya kola vipitie jaribio hili pia. Bitana ya poliesta isiyorudi, ikishonwa ndani ya koti la pamba linalorudi, itaning'inia chini ya upindo hata kama kila kipande kilikatwa kwa usahihi.

Kwa rangi, sugua kitambaa kwa pamba nyeupe iliyoloweshwa na utazame kama kinachuja. Kwa uzito, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime kwenye mizani inayoonyesha sehemu ya mia ya gramu, kisha zidisha kwa 100: gramu 1.52 ni gramu 152 kwa mita ya mraba. Linganisha na jibu alilokupa muuzaji.

Hatua ya 6: Uzi, zipu na vifungo

Nunua vyote kwa muuzaji mmoja, na zipu zifuliwe pamoja na sampuli.

Hatua ya 7: Oda ya kwanza

Agiza kidogo. Kitambaa kikifika, kifungue chote kwenye mwanga wa mchana, pima urefu wake kwa rula ile ya chuma, na uandike namba ya kundi la rangi iliyo kwenye lebo ya jora. Makundi mawili ya rangi ileile hutofautiana kidogo, kwa hiyo vipande vyote vya nguo moja vitoke jora moja. Bandika kipande kidogo chenye namba hiyo kwenye karatasi ya mteja.

Kasoro zirekodiwe kabla ya mkasi kugusa kitambaa, kwa kuwa muuzaji hupokea kwa shida kitambaa kilichokwisha kukatwa. Masharti ya kurudisha, muda wa kuleta mzigo na kiwango cha juu cha kurudi baada ya kufuliwa yaandikwe kwenye makubaliano, hata kama ni ujumbe mfupi aliouthibitisha. Kwa kitambaa unachokitumia zaidi, tafuta muuzaji wa pili, na sampuli yake ifuliwe na kupimwa vile vile wakati yule muuzaji wa kwanza angali anakuletea mzigo bila matatizo.