SOMO: Jinsi ya kupanga nyimbo za kukutoa kwenye mudi mbaya

Habari wakuu. Kila mara naulizwa "nipe nyimbo za kutoa stresi", namjibu huyu, kesho anakuja mwingine na swali lile lile, kwa hiyo leo naandika yote hapa na atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu. Sitaji wimbo hata mmoja kwa sababu unaomtuliza mwenzio wewe unaweza kukukumbusha mtu mliyeachana vibaya. Kinachosaidia ni mpangilio.

Hatua ya 1. Jiulize uko kwenye hali gani: hasira, huzuni, wasiwasi au umechoka tu.

Hatua ya 2. Anza na wimbo unaofanana na hali hiyo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu jamani, naomba msome taratibu. Mtu moyo unamuuma, anajilazimisha kuweka ngoma za kuruka ruka, hazijafika dakika mbili zinamkera anazima, halafu anasema mziki hausaidii. Daktari wa akili wa Marekani, Ira Altshuler, alilieleza hili tangu miaka ya 1940: mziki kwanza ulingane na hali ya mgonjwa, ndipo ubadilishwe kidogo kidogo, na wanaotibu kwa mziki wanaitumia kanuni hiyo mpaka leo.
ONYO: wimbo ulingane na hisia, usiwe ule wenye historia na hilo jeraha lenyewe. Wimbo wa huzuni wa kawaida unakupa nafasi ya kulia ukapumua, ila ule mliokuwa mnausikiliza wote wawili unakurudisha kwenye tukio, kichwa kinaanza "ningesema hivi, ningefanya vile" na hapo hutoki.
ONYO la pili: usiurudie rudie. Nyimbo mbili tatu za hali hiyo zinatosha. Ukiona kila unavyosikiliza unazidi kuzama, zima, inuka, toka nje utembee.

Hatua ya 3. Badilisha mwendo taratibu. Wimbo wa kasi unapandisha pumzi na mapigo ya moyo, wa polepole unashusha. Kwa hiyo mwenye wasiwasi anaanza na mdundo wa haraka, unaofuata unapungua kidogo, na unaofuata tena, mpaka ufike kama mapigo 60 hadi 80 kwa dakika. Kupima ni rahisi, gonga mguu sekunde 15, hesabu, zidisha kwa 4.

Hatua ya 4. Mwishoni weka nyimbo unazozijua na kuzipenda. Watafiti wa Montreal walionyesha mwaka 2011 kwamba mziki unaokusisimua mpaka vinyweleo vinasimama unafanya ubongo utoe dopamini, kemikali inayohusika na kujisikia raha, na inaanza kutoka kabla ile sehemu tamu haijafika, pale unapoisubiri. Wimbo mgeni unakuwa hujui unasubiri nini.

Hatua ya 5. Sauti ya wastani.

Hatua ya 6. Ukimaliza, kaa kimya dakika 2. Msiiruke hii. Utafiti wa Italia wa mwaka 2006 uliweka ukimya wa dakika 2 katikati ya nyimbo, presha na mapigo vikashuka chini hata ya vilivyokuwa kabla watu hawajaanza kusikiliza.

Maswali karibuni.

kijanawamwisho: Mkuu sasa tutajie japo tano
Mwandishi: Soma aya ya kwanza.

bintisauti: Asante kwa somo. Mbona mimi nyimbo za huzuni zinanipa raha kabisa, hata nikiwa sina shida yoyote?
Mwandishi: Swali zuri dada. Huzuni ya kwenye wimbo haikudai kitu, hakuna aliyekufa wala deni la kulipa, unaionja ukiwa salama, na unajisikia kuna mtu amekusemea ya moyoni. Hiyo ni nzuri, endelea nayo. Jipime kwa unavyojisikia ukishazima. Ukitoka umepata wepesi, sawa. Ukitoka mzito kuliko ulivyoingia, huo wimbo uweke pembeni kwa sasa, hasa kama wewe ni mtu wa kutafuna mawazo.

Jembe_Butu: Nimejaribu haifanyi kazi, maneno tu haya
Mwandishi: Ulianza na wimbo wa aina gani?
Jembe_Butu: Wa furaha, sina muda wa kulialia
Mwandishi: Basi hatua ya 2 hujaifanya. Ifanye halafu njoo tuongee.

usikumwingi: Mimi nalala na hedifoni, wimbo unaniganda kichwani hata nikishtuka usiku unaimba. Nikiweka usio na maneno itasaidia?
Mwandishi: Huo usio na maneno usiutegemee sana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor wa 2021 uliona matoleo ya ala tupu ya nyimbo maarufu yanaganda hata kuliko yenye maneno, maana ubongo unajazia wenyewe. Sikiliza mapema jioni, kitandani zima. Na masikio pia yaangalie, Shirika la Afya Duniani linashauri usizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukiongeza sauti muda unapungua haraka sana.

mama_wawili: Mdogo wangu wiki ya tatu hii hali vizuri, halali, kajifungia na nyimbo zile zile. Nimpangie vipi?
Mwandishi: Pole sana dada yangu. Hapo usianze na nyimbo. Hali kama hiyo ikizidi wiki mbili inahitaji daktari au mshauri wa afya ya akili, mpeleke, na umuulize wazi wazi kama anawaza kujidhuru, kumuuliza hakumpi wazo hilo. Akisema ndiyo usimwache peke yake, nendeni leo hii. Mziki utasindikiza matibabu, hauchukui nafasi yake. Kwa sasa kaa naye, sikilizeni hizo hizo anazozitaka, ataongea akiwa tayari.
mama_wawili: Asante, kesho asubuhi naenda naye.

FundiRedio: Niongezee moja, kuimba kwa sauti kunasaidia kuliko kusikiliza tu, pumzi inarefuka.
Mwandishi: Kweli kabisa mkuu, kutoa pumzi ndefu kunapunguza kasi ya moyo. Na ukiimba na wenzio ni bora zaidi.