Kasuku Ametoroka: Hatua za Kumtafuta na Kumshusha Mtini

Hivi karibuni nilishinda siku mbili na jirani yangu tukimtafuta kasuku wake wa kijivu, aliyeponyoka pale mwenyewe alipofungua mlango akiwa amesahau kwamba ndege yuko begani. Tulimpata. Naandika mwongozo huu kwa sababu watu wengi waliokuja kutusaidia walishauri mambo ambayo yangemfukuza zaidi, na kwa sababu miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilimwacha kasuku wangu alale nje kwa kosa nitakalolieleza katika hatua ya 4.

Hatua ya 1: Mfuate kwa macho

Usikimbilie ndani kuchukua kitu. Angalia alikoelekea, urefu aliokuwa nao alipotoweka, na kama alikuwa bado anapanda au ameanza kushuka, maana ndege anayeshuka amechoka na huenda akatua karibu. Mwite kwa nguvu akiwa angali angani ili sauti yako imwoneshe nyumbani ni wapi. Usijifariji kwamba amepunguzwa manyoya ya mabawa, kwa kuwa upepo kidogo tu unatosha kumbeba hadi juu ya miti.

Hatua ya 2: Toa tundu lake nje

Liweke mahali palipo wazi na pa juu, chakula kikionekana, mlango ukiwa wazi na umezuiwa kwa kamba usijifunge wenyewe. Kama una kasuku mwingine, mweke nje katika tundu lake lililofungwa vizuri. Wito wake una nguvu kuliko wa binadamu yeyote.

Hatua ya 3: Sikiliza zaidi ya unavyoita

Kasuku ni ndege wa kundi, na kwa asili huitana na wenzake ili kujua kila mmoja yuko wapi. Hata hivyo, aliyeshtuka hunyamaza, pengine kwa saa kadhaa, na akinyamaza ndani ya majani unaweza kupita chini yake mara kumi usimwone. Nyakati bora ni alfajiri na muda mfupi kabla ya jua kuzama, ambapo kasuku hupiga kelele zaidi. Toa sauti anazozijua: mluzi wenu wa kila siku, jina lake, mlio wa bakuli lake. Kisha nyamaza dakika nzima, na uwaombe wote ulio nao wanyamaze. Mimi sipendi kucheza sauti zilizorekodiwa mfululizo, kwa sababu zinafunika jibu lake na wewe mwenyewe unashindwa kujua ni nani aliyeitika. Ukiona kunguru au ndege wengine wadogo wamekusanyika wakigombea mti mmoja, kautazame mti huo kwa darubini.

Hatua ya 4: Mshushe

Umemwona juu kabisa, anakuitikia, lakini hashuki. Hapa wengi huvunjika moyo wakidhani amependa uhuru. Sivyo. Kasuku aliyelelewa ndani amezoea kuruka kwa usawa, kutoka juu ya kabati hadi begani. Kuteremka kwa mwinamo mkali kutoka kilele cha mti ni ustadi ambao hajawahi kuuhitaji. Nilisimama kwenye shina tangu asubuhi hadi jioni nikimwita wangu, naye aliinama, akafungua mabawa nusu, akakanyagakanyaga tawi, kisha akarudi nyuma, tena na tena. Nilidhani ananikataa, kumbe alikuwa akitafuta njia, na pale niliposimama palimtaka aanguke kama jiwe.

Kwa hiyo usisimame chini yake. Rudi nyuma hadi uweze kumtazama bila kukunja shingo, upande usiozibwa na matawi, na ikiwezekana panda mahali palipoinuka kama roshani au paa imara, kwa kuwa kadiri unavyokaribia usawa wake ndivyo mteremko unavyopungua. Simama ambapo upepo unatoka kwako kwenda kwake, maana ndege hutua kwa urahisi akiukabili upepo. Kula chakula anachokipenda mbele yake, polepole, ukiongea naye kama kawaida. Anayeita awe mtu anayempenda zaidi; wengine wakae mbali.

Kama matawi yanashuka hadi chini, mwache ateremke kwa miguu. Utamwona akilishika tawi kwa mdomo kwanza, kama mguu wa tatu, ndipo ashushe mguu mmoja baada ya mwingine. Kazi hii huchukua muda, na usiifupishe kwa kumnyakua. Ufito mrefu unaweza kumsaidia ukiuegemeza kwenye tawi lake, lakini uwe wa mti wenye gamba, kwa kuwa bomba la plastiki au la chuma humtelezesha kucha. Akibana manyoya mwilini na kurefusha shingo, uondoe mara moja. Yu tayari kuruka.

Usimmwagie maji kwa mpira, usitupe kitu mtini, wala usimpandishe mtu asiyemjua. Kuhusu nyavu, ukimkosa mara ya kwanza hatakuruhusu umkaribie tena.

Hatua ya 5: Giza likiingia

Kasuku haoni vizuri usiku na kwa kawaida hukaa alipotua wakati wa magharibi. Uweke alama mti huo, usimmulike, usipande. Rudi kabla ya kupambazuka, kwa sababu ataamka na njaa na ataanza kuita. Wangu nilimngoja juu ya paa la kibanda upande wa pili wa uwanja, naye akaja moja kwa moja mkononi jua lilipochomoza.

Hatua ya 6: Tangaza

Bandika picha yake na namba ya simu, na uwaarifu madaktari wa mifugo walio karibu, kwa kuwa aliyemwokota ndege huenda akampeleka huko. Namba ya pete ya mguuni usiichapishe; atakayedai kuwa naye akusomee yeye.

Hatua ya 7: Akishatua

Usimshike kwa pupa. Mlete kifuani, tembea taratibu hadi tunduni, funga mlango. Mpe maji na chakula chake cha kawaida kidogo kidogo, mweke mahali penye joto na utulivu, kisha mkague mabawa, miguu na macho. Akikaa amejivimbisha manyoya, akihema huku mkia ukipandapanda, au akikataa kula, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.