Mtoto hataki kula? Anzia miguuni, sio mdomoni

Mtoto akigoma kula wengi wetu tunapambana na kijiko, mara nyimbo, mara katuni kwenye simu, wengine wanafika mpaka kumbana pua ili afungue mdomo (hii acha leo leo, chakula kinaweza kupita njia ya hewa). Kabla hujahangaika na mdomo, mwangalie mwili mzima.

Mkalishe halafu cheki miguu, inaning'inia? Basi nguvu zake zote zinaishia kwenye kujizuia asidondoke, taya na ulimi vinafanya kazi kwa shida. Tafuta kitu cha kukanyagia hata boksi gumu, mgongo unyooke, magoti yakunje. Kama unabisha jaribu wewe kutafuna ukiwa umekaa kwenye stuli ndefu miguu hewani utaniambia.

Kama bado hajafika miezi 6 hadai chochote huyo, ni maziwa tu. Kuanzia hapo anatakiwa shingo iwe imekaza, akae kwa kushikiliwa kidogo, na ulimi usiwe unasukuma nje kila kinachoingia.

Halafu tumbo. Choo kigumu kinaua hamu ya kula kabisa, damu pungufu nayo hivyo hivyo, na kuna wale wanaokunywa maziwa siku nzima halafu mama anashangaa kwanini sahani inarudi imejaa. Hivi vipimwe kwanza.

Mikono sasa. Mwache ashike, anuse, apake usoni, ateme, maana kuna watoto wanaogopa ulaini wa chakula au utelezi wake, sio ladha. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuletwa mara 10 au zaidi ndo akubali, kwa hiyo kukataa mara 3 sio kesi. Wewe unaamua nini na saa ngapi, yeye anaamua kiasi, na dakika 20 mpaka 30 zikiisha toa sahani bila ugomvi.

Akifanya sauti kama anataka kutapika na anakohoa kwa nguvu, tulia, mwili unajilinda. Kukabwa na chakula kwenyewe mara nyingi ni kimya, halii wala hakohoi, hapo ni huduma ya kwanza papo hapo.

Wanaouza mafuta ya kukanda mashavu ati atajua kutafuna, mh. Kumkanda mtoto ni raha na kunamtuliza, ila kutafuna anajifunza kwa kutafuna. Na asali usimlambishe kabla ya mwaka 1, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Ila kama anapaliwa karibu kila mlo, sauti inakuwa kama ina maji baada ya kula, au uzito umesimama, nenda hospitali ukaulizie mtaalamu wa usemi na kumeza, au wa tiba kazi (anayesaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku kama kukaa na kula). Mrekodi kwanza video fupi akiwa anakula nyumbani, kwa ubavu, ionyeshe kuanzia miguu mpaka mdomo, maana akifika kule atakula vizuri kama sio yeye.