Unataka kupanda Kilimanjaro kuchangisha pesa? Soma hii kabla hujatuma linki kwenye grupu

Ndugu zangu, kila ikifika Januari lazima nipate meseji ya mtu mmoja au wawili, "dada, nimesikia ulipanda Kilimanjaro kwa ajili ya watoto njiti, na mimi nataka, naanzia wapi?" na kila mara naishia kurekodi voisi ndefu mpaka sauti inakauka, kwahiyo leo naandika yote hapa. Mimi naishi Leicester, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, shifti nyingi ni za usiku. Nilipanda kwa njia ya Machame, siku saba, na pesa ilienda kwenye vifaa vya wodi ya watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, katika hospitali moja ya mkoa nyumbani, kupitia chariti iliyosajiliwa hapa Uingereza.

Nianze na pesa maana ndo inayotuharibia majina. Gharama za safari lipa mwenyewe. Nauli, mlima, viza, bima, buti, vyote toka mfukoni kwako, hata kama itabidi usubiri mwaka mzima ukidunduliza. Chariti nyingi za hapa zinakupa njia mbili, ama ujilipie safari na kila unachochangisha kiende kwenye kazi, ama uahidi kuchangisha kiasi fulani cha chini na sehemu ya kiasi hicho ndo inalipia safari yako. Hiyo ya pili ni halali na wanaiandika wazi, siwalaumu, lakini sisi watu wetu wamechoka na michango jamani, leo msiba, kesho send-off, keshokutwa kusafirisha mwili wa marehemu, sasa mtu ametoka shifti ya masaa kumi na mbili anakutumia pauni 20 halafu aje asikie imenunua tiketi yako ya ndege, hatakuchangia tena, na mwenzako atakayekuja baada yako na jambo la kweli naye hatachangiwa. Mimi niliandika sentensi ya kwanza kabisa kwenye ukurasa wangu wa kuchangisha mtandaoni, "Safari nimejilipia mwenyewe, pesa yako yote inaenda wodini." Watu wanne walinipigia kuniambia hiyo sentensi ndo iliyowafanya watoe.

Halafu kuna suala la kodi ambalo wengi hawalijui. Mchangiaji anayelipa kodi Uingereza akiweka tiki ya Gift Aid, serikali inaongeza senti 25 kwa kila pauni, yaani 20 yake inakuwa 25 bila yeye kuongeza kitu. Ila ukichagua ile njia ambayo michango inalipia safari yako, pesa ya kwako na ya ndugu zako wa karibu, mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, haihesabiki kwenye Gift Aid. Na sisi wachangiaji wetu kumi wa kwanza ni kina nani kama sio kaka na dada? Sababu nyingine hiyo ya kujilipia.

Kabla hujafungua ukurasa hakikisha chariti ina namba ya usajili na uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya Charity Commission, wasimamizi wa chariti hapa, kama uko Scotland ni OSCR. Kama unataka kusaidia hospitali au shule ya kwenu na haina chariti yoyote huku, tafuta chariti inayofanya kazi na hospitali za aina hiyo mkubaliane kwa maandishi. Usikusanye kwenye akaunti yako binafsi, tafadhali, hata kama wewe ni mwaminifu kiasi gani. Nimeona marafiki wa miaka 15 wakiacha kusalimiana kanisani kwa sababu ya pauni 600 ambazo nina uhakika hazikuibwa, ila hakukuwa na karatasi ya kuonyesha.

Sasa namna ya kuomba. Meseji yangu ya kwanza niliituma kwenye magrupu manne ya WhatsApp kwa mpigo, ndefu, "Habari wapendwa katika Bwana na ndugu zangu wote", na picha ya mlima. Siku tatu, wachangiaji wawili. Nikakaa nikafikiri, mtu anayepokea hiyo meseji anaona nini? Anaona mlima, anaona mtu anaenda kutembea. Haoni mtoto. Kwenye ile nyumba ninayofanya kazi kuna bibi mmoja ambaye mikono yake bado inafuma vizuri, nilimweleza habari za watoto njiti, akafuma kofia. Kofia yenyewe unaweza kuivalisha chungwa ikabana, ya rangi ya njano, na bado kuna watoto inawapwaya. Nikaiweka kwenye kiganja changu nikaipiga picha, nikaanza kutuma kwa mtu mmoja mmoja, kwa jina lake, mistari mitatu tu: hii ndo saizi ya kichwa chake, kuna vifaa vya kumpa joto na kumsaidia kupumua, naomba unisaidie kununua. Hiyo ndo iliyofanya kazi. Inachosha kuandikia watu mia na hamsini mmoja mmoja, nilikuwa naandikia kumi kila nikipata brek usiku, lakini grupu haliombwi, anaombwa mtu.

Na lile jambo letu la kamati za harusi, la kubandika orodha ya majina na ahadi na tiki kwa aliyelipa, msilifanye huku. Nililifanya wiki moja. Mzee mmoja ninayemheshimu alinipigia akaniambia kwa upole, "mwanangu, mwezi huu nimepunguziwa masaa, jina langu linakaa pale bila tiki kila mtu analiona." Niliifuta usiku ule ule na mpaka leo naumia nikikumbuka. Ukurasa wa JustGiving na mingine ya namna hiyo inamruhusu mtu kuficha jina au kiasi, waambie watu hilo. Waambie pia, hasa wazee, kwamba pale mwisho kabla ya kulipa kuna kiasi cha hiari cha kuchangia jukwaa lenyewe na wanaweza kukishusha hadi sifuri, maana wengine walidhani mimi ndo nimewakata.

Kazini usione aibu. Wenzetu hapa wanaielewa sana michango ya aina hii, wengi bado wanakumbuka mwaka 2009 wasanii na watangazaji tisa wa kwao walivyopanda Kilimanjaro kwa ajili ya Red Nose Day, siku yao ya michango ya hisani, wakakusanya zaidi ya pauni milioni 3. Niliuza sambusa na vitumbua kila Ijumaa kwenye chumba cha wafanyakazi (andika karatasi ya vilivyomo, ngano, mayai, karanga, hapa wana mzio wa vitu vingi na sio mchezo). Muulize mwajiri kama ana utaratibu wa kuongeza pauni kwa pauni, makampuni mengi wanao na hawautangazi. Kusimama barabarani na ndoo kunahitaji kibali cha kaunsili, nje ya supamaketi unaomba kwa meneja. Na wa nyumbani wakikuambia hayo ni mambo ya wazungu, waambie tangu 2002 Kili Challenge ya mgodi wa Geita na TACAIDS, tume ya serikali ya kudhibiti UKIMWI, inapandisha watu mlima ule ule kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI.

Pasipoti nayo iangalie mapema kwa sababu inabadilisha bajeti yako yote. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au ya nchi nyingine ya Afrika Mashariki, ada za hifadhi ni ndogo mno ukilinganisha na mgeni, ambaye ada ya hifadhi peke yake ni dola 70 kwa siku kabla ya VAT, bado kulala, bado ya uokoaji. Mkenya mwenye uraia pacha anaonyesha ile ya Kenya na mambo yanakwisha. Mtanzania uliyechukua uraia wa Uingereza, hapo unalipa kama mgeni, inauma lakini ndo sheria ilivyo. Kampuni iliyonipigia hesabu mara ya kwanza ilinipa bei ya mgeni wakati nimewaambia nina pasipoti ya Tanzania, nikauliza mara mbili nikajibiwa "bei ni moja kwa grupu zima", nikaachana nao nikaenda kwa kampuni ya Moshi moja kwa moja.

Mazoezi. Anza miezi sita kabla kama hujazoea kutembea, minne kama wewe ni wa kutembea. Jimu sio lazima. Mimi nilikuwa na begi na pakiti za sembe za kilo mbili mbili, mwezi wa kwanza pakiti moja, ukiisha mbili, mpaka nikafika nne, kila pakiti nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua za huku. Mara mbili katikati ya wiki saa moja ya ngazi au kilima, kwangu ilikuwa Bradgate Park, unapanda hadi mnara wa Old John, mita 212, unashuka, unapanda tena mpaka mapaja yanawaka. Wikiendi mara mbili kwa mwezi masaa matano hadi saba, Mam Tor, Kinder Scout, baadaye Snowdon ambao Wawelshi wenyewe wanauita Yr Wyddfa, mita 1,085. Na miezi miwili ya mwisho tembea Jumamosi NA Jumapili mfululizo, hiyo ndo siri, maana mlimani hamna siku ya kupumzisha miguu, unaamka misuli imekaza na unavaa buti zile zile.

Zoezi la kushuka watu wanalisahau. Siku ya kilele unaondoka kambi ya Barafu kwenye saa sita usiku, unafika Uhuru mita 5,895 asubuhi, halafu siku hiyo hiyo unashuka mpaka kambi ya Mweka iliyoko kama mita 3,100. Magoti yatalia. Shuka sana mazoezini, na fimbo za kutembelea uzizoee kabla.

Kwa wenzangu wa shifti za usiku: usiendeshe gari kwenda milimani ukitoka kazini, narudia, usiendeshe. Lala, matembezi marefu yaweke siku ya pili ya mapumziko.

Buti nunua mapema, uzitembelee mpaka uzisahau mguuni. Mfuko wa kulalia, koti zito na fimbo unaweza kukodi Moshi kwa bei nafuu. Usipakie vitu kwenye mifuko ya plastiki, Tanzania ilipiga marufuku tangu 1 Juni 2019, na mlimani hawaruhusu chupa za maji za kutumia mara moja, beba zako za kujaza tena.

Ila hakuna zoezi la Uingereza linalokuandaa kwa hewa nyembamba. Ben Nevis, mrefu kuliko yote hapa, ni mita 1,345, yaani geti la Machame mnapoanzia kutembea tayari liko juu kuliko huo. Na kuzaliwa Moshi hakukusaidii kama umekaa Leicester miaka kumi. Kinachosaidia ni siku. Machame chukua saba badala ya sita, Marangu sita badala ya tano, Lemosho nane, hiyo hela ya siku ya nyongeza usiibanie. Njia ya Machame inakupandisha Lava Tower kama mita 4,600 mnakula mchana pale, halafu mnashuka kulala Barranco kama 3,900, mwili unajifunza hivyo. Habari za Diamox, dawa ya kuusaidia mwili kuzoea hewa nyembamba, muulize GP au kliniki ya safari wiki kadhaa kabla, na hapo hapo uliza dawa za kinga ya malaria, maana wengi wetu tunajidanganya kwamba tumekua nayo wakati kinga ile inapungua ukiishi nje muda mrefu. Bima iwe inataja mpaka mita 6,000, nyingi za kawaida zinaishia chini ya hapo.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Ukichangiwa unaona aibu kushuka. Kwenye kundi letu kaka mmoja alificha kichwa kinachomgonga na kutapika usiku mzima kwa sababu ofisi yake nzima ilikuwa inamfuatilia, mpaka asubuhi mwongozaji akamuona anayumba kama mlevi akamshusha pale pale, na akapona kwa sababu alishushwa. Kwahiyo andika mapema kwenye ukurasa wako: "Nikirudi kabla ya kilele pesa yenu inaenda wodini vile vile." Ukishaiandika una ruhusa ya kusema ukweli kwa mwongozaji kila asubuhi akikuuliza umelalaje. Kuumwa kichwa kidogo ni kawaida, lakini kuyumba, kukosa pumzi umekaa, au kikohozi cha povu, ni kushuka wakati huo huo.

Wapagazi, wenyewe wanaitana wagumu, ndo wanaokufikisha. Mzigo wa mmoja haupaswi kuzidi kilo 20, ulizeni kampuni kama ni mshirika wa KPAP, shirika la Moshi linalofuatilia malipo, chakula na mahema yao. Haiwezekani tukusanye pesa za watoto njiti huku baba wa mtoto mwingine analala na njaa kwenye baridi akiwa amebeba begi langu. Tipu iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na toa mbele ya wote, kila mmoja akisikia kiasi chake.

Usiku wa kilele simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inamaliza chaji ghafla, na maji yaweke kwenye chupa, mrija wa begi la maji unaganda. Picha ya kibao cha Uhuru piga moja na kitu kinachohusu mchango wako. Mimi nilivalisha kofia ya njano kwenye kidole gumba cha glavu. Niliituma nikiwa geti la Mweka, mtandao ulipotulia, kwa kila niliyemwandikia mwanzoni, waliochangia na ambao hawakuchangia, bila kuwaomba chochote, na linki chini yake. Wiki ile iliingia karibu robo ya pesa yote. Bibi aliyeifuma nilimpelekea kofia yenyewe pamoja na picha, akaniuliza wanahitaji ngapi.