SOMO: Kukagua na kusahihisha mchoro wa kufuma kabla hujatanda uzi

Swali ni lile lile kila juma: "Nimefuata kitabu mstari kwa mstari, kitambaa kimetoka kingine. Kosa ni langu au la kitabu?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, basi naliweka hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Nazungumzia kitanda cha mfumi chenye fremu nne, na michoro ya vitabu na majarida ya Ulaya na Marekani tunayorushiana kwenye simu. Mikeka na ukili havimo. Mchoro wa mkeka unakaa kichwani mwa msukaji na hauna mpiga chapa wa kumlaumu.

Maneno kwanza, tusipishane. Mtande ni nyuzi za urefu, mshindio ndio unaopita kuukata. Vitanzi ni vile vyenye tundu vinavyoning'inia kwenye fremu, uzi mmoja tundu moja. Mafungo ni jedwali linaloonyesha pedali ipi imefungwa fremu zipi.

1. Tafuta kama mchapishaji ameshatoa masahihisho. Majarida huyaweka kwenye toleo linalofuata.

2. Nakili mchoro kwa penseli kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Picha ya simu iliyopigwa upandeupande haitoshi, miraba ikipinda uzi wa fremu ya 2 unasomeka wa 3.

3. Hesabu nyuzi. Makosa mengi yananaswa hapa, na hujagusa hata uzi. Chukua jumla iliyoandikwa juu ya mchoro, kisha ijenge mwenyewe: pindo, mzunguko (sehemu inayojirudia) mara idadi yake, pindo.

Tuseme kitabu kimeandika: nyuzi 287, upana sm 36, nyuzi 8 kwa sentimita, pindo nyuzi 20 kila upande, katikati 1-2-3-4-3-2-1 mara 41 (kila namba ni fremu ambayo uzi unaingia). Piga hesabu: 7 mara 41 ni 287, ongeza pindo 40 unapata 327. Kwa nyuzi 8 kwa sentimita, 327 ni karibu sm 41, si 36. Kuna kosa, lakini liko kwenye jumla au kwenye mzunguko? Angalia mahali mizunguko inapokutana: ...3-2-1, 1-2-3... Nyuzi mbili jirani zimeingia fremu moja, zitapanda na kushuka pamoja kama uzi mmoja mnene. Mzunguko sahihi ni 1-2-3-4-3-2, nyuzi sita, na ile 1 ya mwisho inaongezwa mara moja tu mwishoni ili pande mbili zilingane. Sasa 6 mara 41 ni 246, na 1, na 40: 287. Jumla ilikuwa sawa, mzunguko ndio uliochapwa vibaya.

Hujamaliza. Katikati inaishia na 1. Kama pindo la pili limeandikwa 1-2-3-4, zile 1 mbili zimegusana tena. Pindo hilo linatakiwa liende 4-3-2-1. Kosa hili halionekani kwenye jumla, kwa sababu idadi ni ile ile. Linaonekana ukipitisha kidole uzi kwa uzi. Kanuni ya haraka kwa mishazari ya kawaida (vitambaa vyenye mistari iliyoinama upande): witiri ifuatwe na shufwa, mwanzo hadi mwisho.

Ukishasahihisha, hesabu vitanzi vya kila fremu kabla ya kuanza kupitisha. Kwa mfano huu ni 52, 92, 92 na 51. Vikipungua fremu ya 3 ukiwa umeshafika uzi wa 200, utanikumbuka.

4. Mafungo. Hapa someni taratibu, hapa ndipo mtande wa mita kumi unapopotea.

Kuna vitanda vya kupandisha, ambavyo ukikanyaga pedali fremu zilizofungwa zinakwenda juu, na vya kushusha, ambavyo zinakwenda chini na zilizobaki ndizo zinazopanda. Chenye kapi juu na fremu zinazovutana kwa jozi ni cha kushusha. Vitabu vingi vya Marekani vya miaka ya 1940 na 1950 viliandikwa kwa vitanda vya kushusha. Vya siku hizi vingi ni vya kupandisha. Kwenye jedwali, duara maana yake fremu inapanda, na X inashuka. Kumbuka puto: la duara, linapaa. Mraba mweusi haukwambii kitu mpaka usome utangulizi wa kitabu.

Kubadili ni rahisi: funga zile ambazo hazikuandikwa. 1-2 ya kushusha ni 3-4 ya kupandisha. 1 peke yake ya kushusha ni 2-3-4 ya kupandisha.

Tahadhari. Usipobadili kabisa, kitambaa si kibovu. Umefuma upande wa nyuma ukiwa juu, ukikitoa kitandani kigeuze. Ukibadili pedali mbili ukaacha mbili, hakuna wa kukuokoa, maana baadhi ya mistari ni ya uso na mingine ya mgongo. Kwa hiyo badilisha zote, au acha zote. Na usibadilishe mara mbili: kama mchoro umeupokea kwa mtu, muulize kwanza kama ameshaubadili. Jambo jingine, kitanda cha kapi hakipendi fremu moja dhidi ya tatu, mwanya (nafasi ya kupitishia mshindio) unakuwa mdogo na mshindio unakwama. Hilo si kosa la kitabu.

Kosa la kweli la chapa linanaswa kwa kuhesabu alama. Mshazari wa mbili juu mbili chini una mafungo 1-2, 2-3, 3-4, 4-1: kila fremu inatokea mara mbili. Ukikuta 1-2, 2-3, 2-4, 4-1, hesabu: fremu ya 2 imetokea mara tatu, ya 3 mara moja. Ile 2-4 ilitakiwa iwe 3-4. Ukiifuma kama ilivyochapwa, nyuzi za fremu ya 2 zitalala juu ya mishindio mitatu na za fremu ya 3 zitazama chini ya mitatu, na mshazari utakatika kila raundi.

5. Chora kitambaa chenyewe. Mizunguko miwili kwa upana, miwili kwa urefu, inatosha. Kila mstari ni pedali moja: tazama mafungo yake, kisha tia rangi kila mraba ambao uzi wake uko kwenye fremu iliyopanda. Linganisha na picha ya kitabu. Kosa likisimama wima, kutoka chini hadi juu, liko kwenye upitishaji wa nyuzi. Likilala mlalo mahali pamoja tu, liko kwenye mfuatano wa kukanyaga. Likilala mlalo na kurudi kila unapofika pedali ile ile, liko kwenye mafungo.

Mshazari ukielekea kushoto na wa kitabu ukaelekea kulia, tulia. Huenda kitabu husomwa toka juu kwenda chini nawe umesoma toka chini, au picha imechapwa kinyumenyume. Sioni sababu ya kuliita kosa.

6. Uzi na vipimo. "20" ya Mmarekani ni kwa inchi, yaani takriban 8 kwa sentimita. Ukitanda 20 kwa sentimita hutafuma kitambaa, utafuma ubao. Namba ya uzi nayo ina mitego: pamba 8/2 kwa hesabu ya Kiingereza ina karibu mita 6,770 kwa kilo, 8/2 kwa hesabu ya metriki ni mita 4,000 kwa kilo, mnene zaidi sana. Kitabu kisipotaja hesabu ipi, tafuta idadi ya mita kwa kilo, hiyo haidanganyi.

Kisha pima kiasi. Kitambaa cha mita 1.8 kikikamilika, ongeza asilimia 20 ya kujikunja na kuruka majini, ongeza sm 80 za kufungia na mabaki: mita 2.96, sema 3. Nyuzi 287 mara 3 ni mita 861, yaani gramu 127 hivi za mtande kwa uzi wa mita 6,770. Mshindio, kwa mistari 8 kwa sentimita, ni mita 620 na ushee, weka 700. Kitabu kikisema gramu 60 kwa vyote, unajua la kufanya.

7. Fuma kipande cha sm 12 kwa 15, kifue, kikaushe, kipime.

8. Andika masahihisho kwenye nakala yako: ukurasa, kilichochapwa, kinachotakiwa, namna ulivyohakikisha. Mtumie mchapishaji hayo manne tu. Kitabu kizima usikirushe kwenye kundi, kina mwenyewe.

---

MASWALI

Kitanda_Kipya: Nimesoma yote. Changu kina mistari. Kitabu kimekosea?

Mwandishi: Ya wima au ya mlalo?

Kitanda_Kipya: Yote.

Mwandishi: Weka picha ya kitambaa, ya mchoro na ya mafungo. Bila hizo napiga ramli.

Mzee_wa_Chumbageni: Kitabu kimechapishwa Ulaya, wataalamu wamekaa wakakipitia. Wewe wa Tanga unakisahihisha kwa lipi?

Mwandishi: Kwa kujumlisha, mzee wangu. Saba mara 41 na 40 ni 327 Chumbageni na Ulaya. Michoro hupangwa na mtu wa chapa ambaye huenda hajawahi kukaa kitandani. Mraba mmoja ukihama, yeye hauoni.

BintiPangani: Shikamoo fundi. Nimekwama kwenye ile kanuni ya witiri na shufwa. Nina mchoro unaokwenda 1-3-2-3, kisha 1-4-2-4. 1 na 3 zote witiri, 2 na 4 zote shufwa. Lakini nimechora kama hatua ya 5 na umelingana na picha kabisa. Kanuni imevunjika au mchoro?

Mwandishi: Marahaba binti, hili ndilo swali. Mchoro ni mzima. Ukoo huo wa ufumaji umegawa kazi kwa namna nyingine: fremu 1 na 2 ni za kufunga, 3 na 4 ni za maua. Tazama, kila uzi wa pili ni 3 au 4, na kati yake daima ni 1 au 2. Kwa hiyo kitambaa cha wazi, moja juu moja chini, hukipati kwa 1-3 dhidi ya 2-4. Unakipata kwa 1-2 dhidi ya 3-4. Kanuni pana ni hii: jua kwanza kitambaa cha wazi kinapatikanaje kwenye ukoo huo, kisha hakikisha nyuzi jirani ziko makundi tofauti. Witiri na shufwa ni sura yake ya mshazari tu.

Ipo nyingine ya kukusumbua: 1-2-3-4-2-1-4-3. Pale 4 inapokutana na 2 utasema ni kosa, kumbe ni makusudi. Kwa mafungo ya mbili mbili, wa 4 ukipanda wa 2 unashuka, kila mara. Mshazari unakatwa hapo kama kwa wembe na kurudi upande wa pili, bila uzi mrefu unaoning'inia kwenye kona.

BintiPangani: Ahsante. Kwa hiyo ya pili nayo haina 1-3 dhidi ya 2-4?

Mwandishi: Haina ya kweli. Ukijaribu, nyuzi mbili zitapanda pamoja kwenye kila mkato. Chora uone, mistari miwili inatosha.

Uzi_wa_Muheza: Tunaotumia programu za kompyuta? Faili la WIF, lile la kuhifadhia mchoro wa kufuma, si linajikagua lenyewe?

Mwandishi: Linachora, halikagui. Aliyelichapa akikosea, programu itakuchorea kosa lake kwa uzuri. Lakini lina faida: ni maandishi matupu, lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia utafute mstari wa Rising Shed. Ukiwa true, mafungo ni ya kupandisha.

Ngamiani_15: Nimeona kosa nimeshapitisha nyuzi zote! Uzi mmoja uko fremu ya 3, ulitakiwa wa 2. Nifumue?

Mwandishi: Usifumue. Kata uzi wa pamba imara, ufunge mwanzi wa chini wa fremu ya 2 mahali panapostahili. Piga fundo usawa wa chini ya matundu ya majirani, jingine juu yake kuacha tundu, kisha funga mwanzi wa juu. Uzi ulioukosea uchomoe kwenye kitana (kile chenye meno kinachopanga nyuzi na kushindilia mshindio) na kitanzi chake, upitishe hapo, urudishe kitana tundu lile lile. Matundu yasipolingana urefu, uzi huo utalegea au utakaza kuliko wenzake.

Ngamiani_15: Imekubali. Ila sasa nyuzi zinakatika pembeni, ni za pamba ya uzi mmoja.

BintiPangani: Zipake uji wa unga wa ngano, kijiko cha mezani kwa nusu lita ya maji, uchemke uwe mwepesi. Paka kwa brashi sehemu iliyo mbele yako, fungua mwanya, iache ikauke ndipo uendelee. Sisi tulio karibu na maji masika usiache mtande wenye uji zaidi ya siku chache, unaota ukungu.

Mwandishi: Na usipake sehemu iliyoviringwa nyuma, itagandana.

Kitanda_Kipya: Picha nimeweka.

Mwandishi: Mistari yako ya wima iko mbali mbali sawasawa, kila baada ya uzi wa saba. Rudi hatua ya 3.